Nataka kuandika maisha ya babu yangu wa mkonge: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, nauza spea za baiskeli na pikipiki Ngamiani, hapa Tanga mjini. Babu yangu mzaa baba aliletwa na mkonge kutoka Kasulu mwaka 1957 akiwa kijana, na hakurudi tena kwao. Sasa yuko Muheza, ana miaka kama 87, akili nzima ila macho yamepungua. Nataka kuandika kitabu cha maisha yake. Tangu mwaka jana nimenunua madaftari matatu; kila mara naandika ukurasa wa kwanza, nausoma, nauchana. Mmoja nimeuunga nakutumia uuone. Elimu yangu ni kidato cha nne. Je, ninunue kompyuta kwanza? Nitafute kozi? Nianzie wapi? Babu ni mtu wa ajabu, Mwalimu. Hataki kamba ya mkonge iingie kwake, hata mbuzi anawafunga kwa kamba ya nailoni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ule ukurasa uliouunga kwa gundi nimeusoma zaidi ya hapo. Nimefundisha Kiswahili, kisha nikahariri miswada ya watu kwa miaka mingi, na kurasa za kwanza zilizopita mikononi mwangu ni nyingi mno. Kuandika unajua. Umekwama kwa sababu umeshika kalamu kabla hujauliza, tena umeanzia mahali ambapo hukuwepo na hakuna aliyekusimulia.

Uliandika hivi: "Babu yangu alizaliwa Kasulu katika familia maskini lakini yenye upendo. Tangu utotoni alikuwa mchapakazi na mwenye heshima kwa wakubwa. Mwaka 1957 alipanda treni Kigoma, akashuka Korogwe, na maisha mapya yakaanza."

Sarufi yake haina kasoro. Lakini ondoa Kasulu uweke Njombe au Songea, maneno hayohayo yatamfaa babu wa mtu mwingine yeyote. Ukiyasoma humwoni mzee wako, ndiyo maana unauchana ukurasa. Jicho lako linafanya kazi vizuri, na hilo ni jambo la kukutia moyo.

Sasa rudi kwenye mstari wa mwisho wa barua yako, ule ulioutupia tu kabla ya kufunga. Mzee aliyekata mkonge ujana wake wote, anayeishi Muheza, anatoa hela mfukoni kununua kamba ya nailoni ya kufungia mbuzi. Hapo nilisimama. Kamba za namna hiyo, za nyuzi za viwandani, ndizo zilizokuja kuuangusha mkonge wetu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kisha wanunuzi wa nje wakahamia kwenye kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na kambi zilizokuwa zimejaa watu zikaanza kupungukiwa. Babu yako ameishi kuanzia upande mmoja wa habari hiyo hadi upande wa pili, na habari yote imo kwenye shingo ya mbuzi wake. Huenda anaipenda nailoni kwa sababu haiozi na mvua. Huenda ngozi yake haitaki tena kugusa mkonge, maana utomvu wake unawasha. Huenda ana neno na mkonge ambalo hajamwambia mtu. Usimjibie. Mwulize.

Kuna jambo jingine kwenye ukurasa ule, nalo ni treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Tanga ni ya zamani zaidi, ilianza kujengwa mwaka 1893. Ila mwaka 1957 reli hizi mbili zilikuwa hazijaungana; njia ya kuziunganisha, inayotoka Ruvu kuja upande wa Korogwe, ilifunguliwa mwaka 1963. Kwa hiyo babu hakuweza kupanda treni Kigoma akashuka nayo Korogwe. Kuna stesheni aliteremshwa, akapakiwa kwenye lori, au alitembea, na kuna mahali alilala njiani akiwa na watu asiowajua. Sentensi yako moja imeruka safari nzima. Nimefurahi kuliona kosa hilo, kwa sababu limekupa swali la pili la kwenda nalo Muheza.

Ndiyo kusema, kazi yako ya kwanza iko Muheza, na ina haraka.

Nikueleze kwa nini nasema ina haraka. Shangazi wa mama yangu aliishi Pangani, na alikuwa amebeba kichwani habari za mji ule ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote: nani alijenga nyumba ipi, mashua zipi zilizama, nani alikuwa mtumwa wa nani na watoto wao walikuja kuoana vipi. Nilitaka sana kumwandika. Nikasema ngoja kwanza ninunue rekoda ya kaseti, nijipange, niandike maswali kwa mpangilio. Rekoda niliipata. Masika yale mvua zilikata barabara, nikasema nitakwenda zikipungua. Zilipopungua nilikwenda kuzika. Rekoda bado ninayo na haijawahi kurekodi sauti yake. Kila mtu anayeniambia anajiandaa kumwandika mzee wake, huwa namuuliza mzee ana miaka mingapi.

Shaaban Robert, ambaye kaburi lake liko hapahapa kwetu Vibambani, alikutana na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na kumhoji muda mfupi kabla Siti hajafariki mwaka 1950. Wasifu wa Siti tunaousoma leo umetokana na kuwahi kule.

Basi twende kwenye namna ya kuuliza, maana hapa ndipo wanaoanza wengi wanapopoteza. Ukimwuliza mzee, "Babu, maisha ya zamani yalikuwaje?" atakujibu, "Yalikuwa magumu, mjukuu wangu," na baada ya hapo mtatazamana. Swali pana huleta jibu pana. Uliza kitu ambacho mkono unaweza kukishika. Niliwahi kukaa na mzee mmoja Korogwe, Mbena, naye alikuwa manamba, yaani kibarua aliyeletwa kwa mkataba kutoka mbali kufanya kazi mashambani. Nusu saa nzima alinipa majibu ya hotuba: shida, uvumilivu, tunamshukuru Mungu. Nikaacha kuuliza habari za maisha, nikamwuliza siku ya kwanza kambini alipewa nini mkononi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Blanketi moja na sufuria moja. Sufuria ilikuwa na tundu. Nikaliziba kwa ugali." Kisha akacheka, akasogeza kiti, na tangu hapo nilikuwa nakimbizana naye kwa kalamu. Akanieleza jinsi ugali ule ulivyokuwa ukiungua ukawa mgumu kama saruji, na jinsi alivyokataa kubadilishiwa sufuria hata alipopata hela, kwa sababu alikwisha kuizoea.

Kwa hiyo mwulize babu walilala wangapi chumba kimoja. Posho ilikuwa kiasi gani, na ilikuwa ya unga gani. Nyapara wake alikuwa kabila gani na alimwitaje. Kambini kulikuwa na Waha, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi: walizungumza lugha gani usiku, na yeye Kiswahili alikipatia wapi, alikosea neno gani wakamcheka. Fungu moja la mkonge lilikuwa na majani mangapi, na alitakiwa kukata mafungu mangapi kwa siku. Mwiba wa ncha ya jani uliwahi kumchoma wapi. Kovu likiwepo, akuonyeshe. Korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilisikika kutoka umbali gani. Na mwulize kama bado ana kipande chake.

Kuhusu kipande, jua hili kabla hujaenda. Ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inatiwa alama. Usipoimaliza, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri, siku hiyo haihesabiki. Mshahara ulikuja kadi ikijaa, wala haikuwa lazima ijae ndani ya mwezi mmoja. Ukilijua hilo, utaweza kumwuliza swali ambalo mjukuu asiyejua hawezi kuuliza: "Babu, kipande chako kirefu kuliko vyote kilichukua siku ngapi kujaa, na kwa nini?" Ndani ya jibu la swali hilo kunaweza kuwa na ugonjwa, ugomvi, msiba, au mwanamke. Sura nzima inaweza kutoka hapo.

Miaka isikuumize kichwa. Wazee wengi hawashiki tarehe, wanashika matukio. Usimwulize, "Ilikuwa mwaka gani?" Mwulize kama ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake, kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba yalipotaifishwa au baada, wakati wa vita vya Kagera au vilipokwisha. Chora mstari kwenye karatasi, weka matukio hayo, kisha upachike ya kwake katikati. Yakigongana, usimsute. Andika pembeni "kuuliza tena", na umwulize siku nyingine kwa njia nyingine.

Simu yako inatosha kurekodia. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze sauti yake itakwenda wapi, kisha iweke simu kwenye hali ya ndege ili mteja wa spea asije akapiga na kukatiza katikati ya neno. Mazungumzo ya saa moja yanatosha kwa siku. Akichoka, acha, hata kama habari imefika pazuri. Ukirudi, sikiliza na uandike juma hilohilo. Ukiacha sauti zirundikane hutazifungua. Na usimsafishie Kiswahili chake. Kama anasema kwa lafudhi ya Kiha, kama anatumia maneno ya kambini ambayo hayamo kwenye kamusi, yaache yalivyo. Ukurasa ambao babu anazungumza kama mtangazaji wa redio utakuwa umempoteza babu.

Sasa kuandika kwenyewe. Kompyuta usinunue. Hela hiyo inunue kaunta buku moja nene na kalamu mbili, inayobaki ikupe nauli za Muheza. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uuache wazi kwa masahihisho na kwa mambo utakayoyakumbuka baadaye. Na hapa nakupa amri, si ushauri: marufuku kuchana. Ukurasa usioupenda upige mstari mmoja wa mshazari na uendelee. Nimeona mara nyingi mwandishi akirudi miezi sita baadaye na kukuta sentensi aliyokuwa akiitafuta iko kwenye ukurasa alioukataa. Kila Jumapili piga picha kurasa za juma hilo, umtumie ndugu yako mmoja azihifadhi. Mchwa wa Tanga unawajua.

Usianze na kuzaliwa. Kuzaliwa kwa babu hukukuona, na yeye mwenyewe hakumbuki. Anza na unachokiona wewe leo. Kwa mfano, mtu angeweza kuanza hivi:

"Babu yangu ana mbuzi wawili. Amewafunga kwa kamba ya nailoni ya bluu, aliyoinunua Muheza mjini kwa hela yake mwenyewe, ingawa mkonge uko hatua ishirini nyuma ya zizi. Siku moja nilimletea kamba ya singa, mpya, ngumu, inayonukia. Aliishika mara moja, akanirudishia."

Hayo nimeyatunga mimi ili uone mwendo, kwa hiyo usiyanakili. Sijui kama mbuzi ni wawili wala kama kamba ni ya bluu. Wewe unajua. Angalia tu kwamba hakuna neno la kumsifu babu humo, hakuna "mchapakazi" wala "mwenye heshima", na bado msomaji ameanza kujiuliza kuna nini kati ya mzee huyu na mkonge. Akijiuliza hivyo, atafungua ukurasa wa pili.

Najua utashawishika kuanza na historia kubwa. Habari ya Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, ni ya kweli na ni tamu. Hata mimi huwa naisimulia. Lakini babu yako hakumjua Hindorf. Iweke mahali ambapo babu anashika panga kwa mara ya kwanza, nusu ukurasa, kisha urudi kwake haraka. Msomaji anayetaka historia ya mkonge ataipata kwingine; habari ya babu yako ataipata kwako peke yako.

Umesema ni wasifu, basi uwe wasifu. Usiongeze tukio ambalo halikutokea ili kunogesha. Akisema hakumbuki, andika hakumbuki. Ukitaka kubuni, andika riwaya na uiite riwaya, nayo ni kazi ya heshima, ila mtu anayeanza akichanganya hivi viwili hupoteza imani ya ndugu zake kwanza, kisha ya wasomaji.

Nimetaja ndugu. Manamba wengi walikuja vijana, na wengine waliacha wake au wachumba makwao. Huenda Kasulu kuna jina ambalo bibi yako hakuwahi kulisikia. Huenda babu atakutajia jambo kisha aseme, "Hili usiandike." Siku hiyo liandike kwenye daftari lako lisije likapotea, na chini yake uandike kwamba amekataza. Kitabu ni jambo jingine: humo lisiingie bila ruhusa yake akiwa hai. Akiwa hayupo, kaa na baba yako na shangazi zako mzungumze. Kuna watakaokwambia mwandishi wa kweli haogopi familia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Huyu ni mzee aliyekufungulia mlango wake.

Kiswahili chako kinatosha. Barua yako, kabla ya kunyooshwa hapa, ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, basi. Unaandika "uwa" palipotakiwa "huwa", na "alaf" palipotakiwa "halafu". Hayo anayaona mhariri kwa dakika tano. Kozi sikukatazi, lakini si sasa. Soma badala yake. Nenda maktaba ya mkoa, kaa na wasifu mmoja au miwili ya Kiswahili, na usisome kama msomaji wa kawaida: kwenye kila sura jiulize mwandishi amejuaje jambo hili, alimwuliza nani?

Muda unao. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali maisha yake yote ya kazi, na vitabu aliviandika akiwa na ajira. Wewe unafungua duka saa ngapi? Fika dakika thelathini kabla, usifungue mlango wa mbele, andika maneno 200. Ni nusu ukurasa wa kaunta buku, au chini yake. Kwa siku tano ni maneno 1,000 kwa juma. Baada ya nusu mwaka ni maneno 26,000, yaani kitabu chembamba cha kurasa kama mia moja. Usikipangie zaidi ya hapo. Tena ushauri wangu ni kwamba usifikirie hata kurasa mia. Maliza kwanza kisa kimoja, safari ya kutoka Kasulu hadi kambini, kurasa kumi na tano. Mtu aliyewahi kukamilisha kitu cha kurasa kumi na tano anakuwa mwandishi wa namna nyingine kabisa na yule mwenye sura za kwanza sita.

Kisa hicho kikikamilika, msomee babu mwenyewe kwa sauti. Macho yake yamepungua, masikio yapo. Atakukatiza: "Hapana, lori halikuwa la yule, lilikuwa la fulani." Kila akikukatiza, andika. Hakuna mhariri atakayekufanyia kazi kubwa kama hiyo, nami nikiwemo.

Mambo ya kuchapisha hayajafika, kwa hiyo nayapitia haraka. Hakimiliki unayo tangu unapoandika; sheria yetu inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Usimpe mchapaji hata shilingi kabla mswada haujakamilika na kusomwa na watu watatu wasiokuogopa. Niliwahi kumlipa mmoja mapema kwa kijitabu changu, nikapokea mafurushi ya nakala zenye kurasa zilizorudiwa. Na kama njia itachelewa, usikate tamaa: Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na baadhi ya vitabu vyake tunavyovipenda vilitoka mwaka 1967 na 1968. Miswada ilikuwepo, ndiyo maana vilitoka.

Jumamosi hii, basi, funga duka saa sita, upande gari la Muheza. Chukua sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Daftari liache ndani ya mfuko kwa saa ya kwanza. Msaidie kuwahamisha mbuzi kivulini, na ukiwa umeishika ile kamba mkononi, mwulize. Kisha uniandikie alichokujibu.